Mbio za Sentensi Kamili

Fundi vioo alikuwa mtu wa "mm". Ukimwuliza kama chai imekolea sukari, mm. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, mm. Mkewe ni mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza, na mtaa mzima humwita Mwalimu, hata mumewe mwenyewe. Miaka waliyokaa pamoja ilimfundisha kuzitofautisha mm za mumewe kama mama anavyotofautisha vilio vya kitoto kichanga. Kulikuwa na mm ya ndiyo, mm ya hapana, mm ya niache kwanza, na mm moja ndefu ya kwenye pua iliyomaanisha kwamba bwana amefurahi kupita kiasi. Hiyo ya mwisho aliisikia siku ya harusi na siku binti yao alipozaliwa, basi.

Tusimwonee lakini. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Karakana yake ni chumba kirefu chenye vioo vilivyoegemezwa ukutani, vikubwa nyuma, vidogo mbele, na meza pana iliyotandikwa blanketi kuukuu. Fundi hupima, huweka rula, hubana pumzi, halafu huvuta kikatio mara moja tu, bila kurudia. Akikohoa katikati, kioo kimeharibika. Wateja wenyewe wakiingia mle hushusha sauti kana kwamba wameingia kumwona mgonjwa. Mtu aliyeshinda humo tangu ujana wake angetoka na ulimi mwepesi kutoka wapi?

Kitu kimoja tu kilimtoa fundi katika utulivu wake, nacho ni mbio. Kila Jumamosi asubuhi yeye na wenzake wa mtaani walivaa bukta zao na kwenda kukimbia barabara ndefu inayotoka nje ya mji. Huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakusema neno, lakini hakukubali kupitwa. Mwenye bucha wa pale kona, mtu wa kifua kipana na mdomo mpana zaidi, alikuwa amejaribu kumpita kwa miaka mingi, na kila mara alikuwa akikiona kisogo cha fundi hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo kila mwaka mtaa ulipoandaa mbio za barabara ya mlimani, ilijulikana nani atatangulia na nani atatoa visingizio.

Halafu fundi akaanguka.

Kifua kilikuwa kimembana wiki nzima. Mwalimu alimwona akijishika mara kwa mara na kumwuliza, "Baba watoto, unaumwa?" Alijibiwa kwa mm ambayo hakuwahi kuisikia, na alipong'ang'ania akaambiwa, "Niko sawa kabisa, usiwe na wasiwasi." Kwa kuwa ilikuwa sentensi ndefu kuliko kawaida yake, akaiamini. Siku ya pili yake mteja aliyefuata kioo cha dirisha la choo alimkuta fundi amelala sakafuni katikati ya vipande. Aliponea kwenye tundu la sindano. Na Mwalimu, aliyekaa kando ya kitanda cha hospitali akimshika mkono, alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi. Huwezi kumgombeza mtu aliyechomekwa mipira puani. Alichotaka kwa mumewe kilikuwa neno moja tu, naumwa, lisemwe mapema, lisemwe kwa mdomo wake. Alijua kwamba likichelewa mara nyingine, atabaki mjane, na kila mm aliyoisikia tangu siku ile ilimpitia moyoni kama baridi.

Ungedhani mtu akinusurika hivyo ataziuza raba zake. Fundi alipoulizwa na daktari kama ana swali, aliuliza moja, nalo lilikuwa kama ataweza kukimbia. Daktari, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, alipitia vipimo vyake, akatafakari, akasema kukimbia polepole hakuna ubaya, tena kutamsaidia.

"Ila kuna sharti," alisema. "Ukimbie mwendo ambao unaweza kuzungumza. Ukiona maneno hayatoki, punguza. Yakikataa kabisa, tembea."

Mwalimu akaangua kicheko mle mle ofisini. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Daktari, mwanangu," alisema akijifuta macho, "huyu hata akiwa amekaa kwenye kochi maneno hayatoki. Sasa tutajuaje kama ni moyo au ni tabia?"

Daktari akamtazama fundi. Fundi akatazama dirisha, akaona kioo kimepachikwa ovyo.

"Na mm je?" Mwalimu aliendelea. "Mm inahesabika?"

"Hapana. Mm inaweza kutoka hata kwa mtu aliye mahututi. Nataka asikike akisema sentensi."

"Sentensi kamili?"

"Kamili."

Macho ya Mwalimu yaling'aa. Kila siku ya kazi yeye husimama mbele ya watoto arobaini akidai jambo hilo hilo, na sasa amepewa ruhusa na hospitali kulidai nyumbani kwake.

Jumamosi ya kwanza alitoa baiskeli ya binti yao, ile ya kuendea sokoni, yenye kikapu mbele na kengele inayolia ikitaka. Yeye si mtu wa kukimbia. Maungo yake aliyapata kwa raha na hakuwa na haraka ya kuyapunguza. Akapanda, fundi akaanza kukimbia pembeni yake, na wenzao wakawaacha kwa heshima na vicheko vya chini chini.

"Haya, zungumza," alisema Mwalimu.

Fundi akakimbia kwanza. Akatazama huku na huku.

"Ule ni ukuta," alisema.

"Vizuri. Endelea."

"Yule ni mbwa." Akavuta pumzi. "Mbwa ni mweusi."

Darasani angepata vema, tena na nyota. Mwalimu alikubali mpaka wakafika kwenye tangi la maji na kugeuza. Jumamosi iliyofuata alikataa. Alisema kuta na mbwa anawaona mwenyewe. Fundi, aliyekuwa mjanja kuliko alivyoonekana, akaja na dawa yake. Kila baada ya mwendo fulani, bila hata kuulizwa, alitoa sauti safi na kusema: "Niko sawa kabisa, usiwe na wasiwasi."

Mara ya tatu aliposema hivyo Mwalimu akafunga breki.

"Hiyo usiniambie tena," alisema, na sauti yake haikuwa ya darasani. "Hiyo ndiyo uliyoniambia wiki ile. Sema chochote kile, nitukane ukitaka, lakini hiyo sitaki kuisikia."

Fundi alisimama akimtazama. Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo sentensi ile ikapigwa marufuku, na yeye, akiwa hana ukuta, hana mbwa wala dawa, akawa hana budi kuzungumza kweli.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Jumamosi moja, baada tu ya kupita stendi ya mabasi, fundi alisema, "Yale mapazia ya sebuleni siyapendi."

Baiskeli iliyumba. "Mapazia gani?"

"Ya maua mekundu. Nashinda kutwa nikikata vioo ili watu waone nje. Nikirudi kwangu, naona maua."

"Tangu lini huyapendi?"

"Tangu ulipoyanunua."

Mwalimu alifanya hesabu kichwani. Mapazia yale yalikuwa na umri wa kwenda sekondari. "Na mbona hukusema siku zote hizo?"

"Hukuwahi kuniuliza nikiwa nakimbia," alisema fundi, akaendelea na mwendo wake.

Mwalimu alinuna mpaka tangini. Kutoka tangini alianza kucheka. Aliporudi nyumbani aliyateremsha mapazia, jua likaingia mpaka chini ya kochi na kuonyesha vumbi la miaka. Kulifagia ikawa kazi ya fundi.

Basi kila Jumamosi ikawa na habari zake. Fundi alimsimulia habari za bosi mmoja aliyeagiza kioo cha kujitazamia kinachofunika ukuta mzima, halafu akamwita arudi akipunguze kwa sababu alijiona amenenepa. Alimsimulia jinsi alivyompitia Mwalimu nyumbani kwao siku za uchumba, akazunguka nyumba kwa kuogopa kubisha hodi, mpaka kaka yake Mwalimu akadhani ni mwizi. Mwalimu alikuwa akiijua habari ya mwizi huyo tangu usichana wake. Hakujua kwamba amezaa naye.

Na alikuwa akifurahi, tuseme ukweli. Mwanamke mwenye nywele za mvi alikuwa akiamka Jumamosi kabla ya saa kulia, akijitazama kwenye kioo, akipaka mafuta mikononi, kwa ajili ya kupanda baiskeli ya sokoni. Alikuwa amempenda mumewe tena, na alikuwa akiona haya kidogo.

Tatizo likawa nyumbani. Fundi alikuwa mtu wa hesabu, na aliona hatari mapema: maneno yake si mengi, na njia ni ndefu. Kwa hiyo akaanza kubana matumizi. Siku za katikati ya wiki aliacha hata zile mm.

"Baba watoto, fundi mwenzako alikuwa anasemaje kwenye simu?"

Fundi aliinua kidole. "Nitakwambia Jumamosi."

"Na yule jirani aliyekuja karakana leo, ana shida gani?"

"Jumamosi."

Binti yao, anayeishi mji mwingine na mumewe, alipiga simu kuwasalimu. Alipokea ukimya wa baba na majibu ya mkato ya mama, akapiga tena kesho yake akilia, akitaka kujua wamegombana nini uzeeni na kama wanaachana nani atahamia kwake. Mwalimu alijaribu kumweleza kwamba baba yake anaweka akiba ya mazungumzo. Binti akasema, "Mama, mko wawili tu humo ndani, au kuna mtu mwingine ninayeweza kuongea naye?"

Hata akiba yenyewe fundi hakujua kuitumia. Jumamosi iliyofuata alitoka mlangoni akiwa amejaa wiki nzima, na hamu ikamshinda. Hata kabla ya stendi alikuwa ameshammwagia habari ya simu, habari ya jirani, habari ya kioo cha kanisa na habari ya paka aliyelala kwenye fremu. Alisimulia vizuri, akitia chumvi pale panapohitaji, na miguu nayo ikafuata mdomo. Walipofika nusu ya njia, mahali ambapo hakuna kitu ila mashamba na nguzo za umeme, akanyamaza.

"Endelea," alisema Mwalimu.

"Yameisha."

"Hayajaisha. Tafuta."

Fundi alitafuta. Mwalimu alimwona akitafuta, uso umekunjamana kama mtu anayepapasa funguo mifukoni. Kilichotoka ni nguzo. "Ile ni nguzo," alisema kwa unyonge. Sharti ni sharti, wakarudi kwa kutembea, Mwalimu akikokota baiskeli, bwana ameinamisha kichwa. Mwenye bucha, aliyekuwa akirudi mbio kutoka mbali, aliwakuta njiani.

"Fundi! Pumzi zimekuishia?"

"Pumzi ninazo," alisema fundi. "Nimeishiwa maneno."

Mwenye bucha alicheka kuanzia hapo mpaka bucha, na Jumatatu hapakuwa na mteja wa nusu kilo ambaye hakusimuliwa.

Baada ya hapo Mwalimu aliuchukua mpango mikononi mwake, kama anavyopanga vipindi vya wiki. Mwanzoni, mwili ukiwa bado mzito, fundi atasema mambo madogo madogo, ya hali ya hewa na ya majirani. Pale tambarare, habari ndefu, ila asizichapue. Ziende na mguu. Penye kupanda, sentensi fupi. Na lazima abakize jambo moja zuri kwa mwisho, ili awe na la kumvuta kufika nyumbani. Fundi alifuata mpango huo neno kwa neno, na ajabu ni kwamba mwendo wenyewe ukatengenea. Hakukurupuka tena, hakuburuta miguu tena. Alianza kufika mbali kuliko tangi, kisha mbali kuliko mashamba, na akarudi akiwa na jasho la wastani na habari ya kumalizia. Daktari alipima mapigo yake akasema anaendelea vizuri. Fundi akaanza kuzitaja mbio za barabara ya mlimani, na mara hii daktari hakukataa.

Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki roho juu. Alikuwa ameshahesabu jambo moja ambalo daktari asingeliona kwenye karatasi. Katika habari zote alizosimuliwa barabarani, za mabosi, za paka, za wezi wa uchumba, hakukuwa na hata moja iliyouhusu mwili wa mumewe. Akimwuliza, "Na kifua?" fundi alirukia habari nyingine kwa wepesi mkubwa. Mtu aliyejifunza kusema kila kitu alikuwa bado hajajifunza kile kimoja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mbio, kundi zima liliamua kukimbia njia yenyewe, mpaka juu ya mlima na kurudi. Mwalimu alijitia moyo kwamba baiskeli itaweza. Tambarare yote waliimaliza vizuri, fundi akisimulia kwa utaratibu jinsi alivyojifunza kazi, kioo cha kwanza alichokivunja na kipigo alichokipata. Walipoanza kupanda, mwenye bucha akatokea nyuma yao, akihema kama gari bovu lakini akitabasamu.

"Shemeji, usiku mwema!" alimwambia Mwalimu kana kwamba anawaaga, ingawa ilikuwa asubuhi kweupe. "Naona leo nampita bwana mbele ya mkewe." Na akampita.

Sentensi ya fundi ikakatika katikati. Kile kisogo cha mwenye bucha alikuwa hajawahi kukiona mbele yake kwenye mlima ule, na hakukipenda. Mwalimu aliiona miguu ya mumewe ikibadilika.

"Sentensi, Baba watoto."

"Nakuja."

"Hiyo haitoshi. Punguza mwendo!"

Fundi hakupunguza. Mwalimu alisimama juu ya pedali, akasukuma kwa nguvu zote alizopewa na Mungu na zile alizopewa na miaka ya chakula kizuri, na baiskeli ya sokoni ikasimama kama punda aliyegoma. Akashuka. Alipoinua macho, wanaume wawili walikuwa wakiikata kona ya juu bega kwa bega, na kona ikawameza.

Akabaki peke yake na mlima. Hakumsikia. Miezi yote hiyo hakuwahi kuwa mbali naye kiasi cha kutomsikia, na sasa yuko huko juu na mtu ambaye kazi yake ni kumchokoza, hakuna wa kumwuliza na hakuna wa kumpunguza mwendo. Mwalimu aliikokota baiskeli, kisha akaibwaga mtaroni na kwenda bila hiyo, akikimbia kwa mara ya kwanza tangu ashike chaki. Kila hatua alimwona akilini mumewe amelala kifudifudi barabarani. Aliomba, akalaani bucha zote duniani, akaomba tena.

Baada ya kona palikuwa na daraja dogo, na juu ya ukingo wake fundi alikuwa ameketi. Ameketi wima, mikono magotini, uso umepauka na unatiririka jasho. Mwenye bucha hakuwepo.

Mwalimu alifika lakini sauti haikufika naye. Alisimama mbele yake akifungua na kufunga mdomo. Fundi ndiye aliyezungumza, polepole, akipumzika kila baada ya sentensi.

"Kifua kilianza kubana pale kwenye kona. Maumivu yakaingia mkono wa kushoto. Nikasimama, nikamwambia mwenye bucha kwamba naumwa. Amekwenda kuita gari kwenye kile kituo cha mafuta huko juu."

Daktari alikuja kusema baadaye kwamba kusimama kule ndiko kulikomwokoa, na kwamba kama angeongeza hata kipande kidogo cha ule mlima tungekuwa tunasimulia mengine. Mbio za mwaka huo hakukimbia, na mwenye bucha, aliyetangulia kwa mara ya kwanza, hakujisifu hata kwa wateja wa nusu kilo. Lakini hayo bado yalikuwa mbele. Pale darajani Mwalimu alikaa chini kando ya mumewe, akampiga begani kwa kiganja, akaanza kulia.

"Umemwambia muuza nyama," alisema pumzi zilipomrudia. "Miaka yote hii nangoja uniambie mimi, wewe unakwenda kumwambia muuza nyama."

"Niligeuka nyuma, hukuwepo."

"Baiskeli ilikataa."

"Niligeuka tena, hukuwepo." Fundi aliutafuta mkono wake akaushika. Mkono wa fundi ulikuwa wa baridi. "Niliogopa, Mwalimu."

Neno hilo hakuwahi kulisikia kwake, hata hospitalini.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nitaondoka kabla hujafika. Na mengi nilikuwa sijakwambia. Niliyaweka ya kule mbele."

"Yaseme sasa."

"Yote?"

"Yote, polepole. Mimi niko hapa."

Akaanza. Gari lilipofika, mwenye bucha aliruka chini akiwa na maneno yake tayari, akawaona wamekaa pale, mmoja akisema na mwingine akisikiliza, akamwashiria dereva asipige honi.